Shimo ya Mama Kanyere

Mimi njo napandishaka bendera za inchi majirani ku bureau ya ushirikiano wa kanda, hapa Butembo. Tulipoingia mu jumuiya ya zile inchi, chef yetu Gamaliel alitukusanya, akasema mupaka imekwisha, sasa tuko nyumba moja. Nilipiga makofi mpaka mikono ikaniuma. Mupumbafu miye.

Mama yangu Kanyere alikuwa alikimbia vita ya Eringeti, akaenda kukaa kwa mudogo wake ng'ambo ya mupaka ya Kasindi. Kule banasema luga yetu, banakula ugali sawa siye. Lakini kila simu alikuwa ananiomba kitu kimoja: akifia kule, tumurudishe, tumuzike pembeni ya baba. Nilimuahidi.

Alikufa asubuhi. Nikakimbilia kwa chef. Alipiga simu moja tu, akanishika bega.

«Nzanzu, enda muchimbe. Mama atavuka leo. Mupaka njo kazi yetu, hapana?»

Sasa kwetu shimo haichimbwake kabla maiti haiyafika nyumbani. Shimo ikilala wazi usiku, itaita mutu mwengine wa familia. Yaya yangu Maliro, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikataa. Nikamukaripia, nikasema miye natumika mu bureau yenyewe, ajifunze kunyamaza. Tukachimba.

Saa sita tukasikia barrière ya mupaka imefungwa, wakubwa ba inchi mbili hawapatane. Sanduku ya mama iko inangoja ku jua, mu foleni ya makamyo. Chef alikuwa ameshaenda Beni, mukutano wa ujirani mwema. Ujirani mwema, eti! Nilimupigia, akasema tuvumilie, dossier iko inafuatwa. Kisha mama mudogo akaniita ku simu, analia: mama ameanza kuharibika, banamuzika kulekule.

Jua ilikuwa inashuka na shimo iko wazi, batoto ba Maliro banaiangalia na woga. Tukakata mugomba wa ndizi, tukaufunga na kikwembe, nguo ya mama ya kujifunga, tukauzika pembeni ya baba. Pasteur aliuombea sawa mutu. Maliro hakulia.

«Ahadi yako njo ile,» aliniambia. «Tumeizika.»

Kesho yake chef alituma habari: mukutano ulienda muzuri, tupandishe bendera zote. Niko na batoto ba kulisha, donc nilizipandisha. Ile ya ng'ambo niliivuta polepole, sababu mama amelala chini yake.