Mwezi wa Nane Alikuwa Wapi

Adèle hakuipenda safari ile tangu mwanzo. Lakini mdogo wake Zacharie alikuwa ametoka Ubelgiji baada ya miaka mingi, amefikia nyumbani kwake Butembo, na kila asubuhi alikuwa na wimbo ule ule: anataka kumpumzisha dada yake, yaya kama alivyomwita.

«Yaya, umechoka sana. Ni weye ulimuchunga mama mupaka mwisho. Acha nikupeleke fasi ya muzuri. Ukule, ulale, uone tembo.»

Adèle ni mjane, muuza vitenge sokoni. Hakuwahi kulala mahali ambapo mtu mwingine anamtandikia kitanda, labda hospitalini alipojifungua, na hata huko mashuka alibeba ya kwake. Tembo aliwajua kwa hasara ya mashamba. Hata hivyo watoto wake walimsukuma, wakamwambia, mama, nenda, mjomba atahuzunika. Akafunga kibegi chake, akafunga na duka.

Neno moja tu alimwomba Zacharie: wakipita Beni, wasimame mtaa wa Beu, kwenye makaburi. Mama yao amelala pale tangu mwaka jana, na Zacharie hajaliona kaburi lake.

«Bien sûr, yaya,» Zacharie alikubali.

Walipofika Beni, gari walilotumiwa na kambi ya watalii halikusimama. Zacharie aliitazama saa yake, akasema kambini wanawangoja kwa chakula cha mchana, basi watasimama wakati wa kurudi. Adèle aligeukia dirisha. Aliliona lango la makaburi likipita, na mwanamke aliyeuza ndizi mbele yake, yule yule aliyemuuzia maji siku ya mazishi. Huyu ni mgeni, alijiambia. Usianze ugomvi na mgeni.

Barabara iliteremka kuelekea Kasindi, joto likapanda, msitu ukaisha. Walivuka mto Semliki, wakaacha lami, wakaingia katika mbuga ya nyasi ndefu. Mbele kidogo, juu ya kilima kinachotazama mto, ndipo ilipokuwa ile kambi.

Kijana wa mapokezi aliwapa vitambaa baridi vya kujifuta uso, akawapeleka kwenye mahema yao. La Adèle lilikuwa na sakafu ya mbao, kitanda kinachotosha watu wanne, chandarua cheupe kama shela ya bibi harusi, na beseni kubwa la kuogea lililotazama nje, ili mtu aoge huku akiangalia swala. Juu ya kitanda walikuwa wameikunja taulo ikawa na mkonga na masikio.

«Sasa hii njo munaita tente?» Adèle aliuliza.

«Tente ya luxe, yaya!» Zacharie alicheka, akainua simu kumpiga picha.

Adèle alilishika turubai lile kwa vidole. Lilikuwa zito, kavu, limeshonwa vizuri. Alikumbuka bâche ya Oicha, turubai la wakimbizi. Mama yao alilima kakao huko Mbau, na wauaji walipoingia akakimbia na nguo aliyokuwa amevaa. Kwa majuma mengi alilala chini ya bâche, mvua inajaa juu, yeye anaisukuma kwa fimbo ili isimwangukie. Baadaye Adèle alimpangishia chumba Beu. Butembo mama alikataa kabisa. Alisema akiwa Beu atakuwa karibu na shamba lake siku amani itakaporudi. Amani haikurudi. Miguu ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa shida.

«Acha kunipiga picha,» Adèle alisema.

Zacharie alifikiri anaona haya.

Saa ya kula waliketi chini ya paa la nyasi. Meza ya jirani walikuwapo mzee wa Kizungu na mke wake, wote wawili wamevaa nguo za rangi ya vumbi. Mhudumu mmoja alitoka jikoni amebeba maji, mtu mzima mwenye uso wa furaha. Kifuani kwake iliandikwa Paulin. Alipomwona Zacharie, uso wake ulifunguka. Alimsalimu kwa Kinande, lugha ya kwao, kisha akamwaga Kiswahili.

«Papa Zacharie! Umerudi kwetu! Na madame, amebaki wapi? Na ule muzee, baba yake madame, angali anaogopa viboko?»

Zacharie hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

«Umenichanganya na mutu, ndugu yangu.»

«Nikuchanganye?» Paulin alicheka. «Papa, hapa banalalaka bazungu. Mwenye kuniongelesha Kinande ku meza ni weye peke yako. Ulinifurahisha sana, hata nyumbani nilikusimulia.»

«Ilikuwa lini?» Adèle aliuliza.

Paulin alimtazama, akamtazama Zacharie, kicheko kikamfia mdomoni. «Mama, sijui vizuri. Mwaka jana. Nyasi zilikuwa zimeungua. Niwaletee maji ingine?» Akaondoka, na maji hakuyaleta.

Adèle aliweka uma chini.

«Zacharie. Nyasi zinaungua mwezi wa saba, mwezi wa nane. Mwezi wa nane ulikuwa wapi?»

«Yaya, tukule kwanza.»

«Mwezi wa nane ulikuwa wapi?»

Zacharie alianza na Kifaransa, kama anavyofanya akitaka kukimbia. Adèle alipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka. Mzee wa Kizungu aligeuka.

«Nilikuwa hapa,» Zacharie alisema polepole. «Na Jessica, na bazazi yake. Tuliingilia Uganda, tukavuka mupaka kule Kasindi. Ni bazazi yake balilipa kila kitu.»

«Mama alikufa mwezi wa nane.»

«Najua.»

«Nilikupigia simu. Ukasema patron amekukatalia congé ya kazi. Nikamuwekea mama simu ku sikio, ukamwambia uko Bruxelles, kuko baridi. Mama akakuuliza ni nini inalia hivyo. Ukamwambia ni televizyo.» Sauti ya Adèle ilikuwa imepanda mpaka ile sauti ya sokoni, inayowaita wateja kutoka upande wa pili wa barabara. «Ilikuwa kiboko! Ulikuwa unamuongopea mama yako, na kiboko inakulilia nyuma!»

«Niliogopa, yaya.»

«Uliogopa nini? Mimi sikuogopa? Nilipanda kila juma kutoka Butembo, barabara ile ile yenye banachinjia batu, nikimuletea dawa. Mama hakuogopa? Alikuita mupaka pumzi ya mwisho. Alisema, Zacharie anakuja, mumuwekee chakula. Tulikuwekea chakula, Zacharie! Na weye uko hapa, unaoga ku beseni, unaangalia banyama!»

Zacharie alijifunika uso. Maneno yalimtoka vipande vipande, na kila kipande kilimchoma Adèle kuliko kilichotangulia. Jessica, mke wake, hakujua. Jessica na wazazi wake walidhani mama yake Zacharie alikufa vitani zamani. Aliwaambia hivyo mwanzoni kabisa, walipojuana, kwa kuwa aliona haya kusema mama yake analala chini ya bâche na yeye hamsaidii vya kutosha. Baadaye neno likawa gumu kurudishwa. Sasa angewaambia nini? Kwamba mama amefufuka, yuko Beni, anakufa tena? Na hapa alimleta dada yake kwa kuwa hakujua mahali pengine pazuri, akadhani hakuna atakayemkumbuka.

Adèle alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anafikiria angempiga, lakini mikono ilimwia mizito.

«Ulimuzika mama yako muzima,» alisema. Akasimama, akaacha chakula.

Usiku ule hakukigusa kile kitanda. Alijifunga kitenge chake, akakaa kwenye kiti cha barazani mpaka kulipokucha. Viboko walilia mtoni chini, na kila walipolia aliuma meno.

Asubuhi Paulin alikuja kumwomba msamaha, ingawa hakuwa na kosa. Adèle alimwambia hivyo, akamuuliza kama kuna gari la kwenda Beni. Lilikuwapo, lilikuwa linakwenda kununua mboga. Adèle alipanda mbele, karibu na dereva. Hakumuaga mtu. Gari lilipoanza kuondoka, Zacharie alitoka hemani mbio, shati halijafungwa, akarukia nyuma, akakaa kati ya makreti matupu. Njia nzima dada yake hakugeuza shingo.

Huko Beu, dereva aliwashusha mbele ya lango la makaburi. Adèle alitangulia, akapita katikati ya misalaba, akasimama kwenye kaburi lenye simenti changa.

«Njo huyu.»

Zacharie alipiga magoti, akaanza kunong'ona kwa Kifaransa.

«Hapana. Mama hakujua Kifaransa. Mwambie na luga yake, na sauti asikie.»

Basi Zacharie alisema kwa Kinande. Alisema alikuwa wapi, na nani, na alidanganya nini. Alilia kama mtoto, makamasi yanamtiririka. Adèle alimtazama akingoja moyo wake ulainike, maana ni mdogo wake, alimbeba mgongoni. Moyo haukulainika. Alishangaa jinsi ulivyobaki mgumu.

«Sasa piga simu kwa bibi yako.»

«Yaya, nakuomba.»

«Piga. Ao nitapiga mimi.»

Alipiga. Adèle anajua Kifaransa cha sokoni, lakini kilitosha. Alimsikia Zacharie akisema maman, akisema août, mwezi wa nane. Alisikia sauti ya mwanamke upande wa pili ikiuliza, ikirudia, ikipanda. Zacharie alijibu oui, akajibu oui tena, akanyoosha simu kwa dada yake bila kumtazama.

Adèle na Jessica hawakuwahi kuongea hata siku moja. Mwanamke yule alikuwa analia kwa hasira. Adèle aliitambua hasira ile mara moja, ilikuwa ndugu ya kwake. Jessica aliuliza walikuwa mbali kiasi gani siku zile, kutoka kambini mpaka kwa mama.

«Ni karibu, madame,» Adèle alimjibu. «Mungetoka asubui, mungefika mbele ya saa sita.»

Jessica akauliza mama aliitwa nani, kwa kuwa hata jina alikuwa amepewa la uongo.

«Jeannine,» Adèle alisema. «Jeannine Kahongya.» Alilirudia polepole, ili lishikwe vizuri.

Kisha alimrudishia Zacharie simu, akatoka barabarani, akapata gari la Butembo. Zacharie alimwita nyuma, «Yaya! Yaya Adèle!», na watu waligeuka. Yeye hakugeuka.

Siku chache baadaye Zacharie alipita Butembo kuchukua mizigo yake. Adèle alimpikia fufu na maharage, kwa kuwa hakuna mtoto wa mama yake atakayetoka nyumbani kwake na njaa, lakini hakuketi naye mezani. Zacharie alikula peke yake, akaenda.

Siku hizi Jessica hupiga simu Jumapili baada ya misa. Wanaongea Kifaransa kilichovunjika. Anauliza habari za mama, alipenda nini, alicheka namna gani, na Adèle anamsimulia. Mara nyingine sauti nyingine inaingia, ya kiume, inasema yaya, ni mimi. Hapo Adèle anaiweka simu juu ya vitenge, anamhudumia mteja.