Idadi ya Wapandaji

...wangapi, ameuliza wangapi, kana kwamba haoni, kana kwamba nyuma ya Tsuruyo kuna foleni ya watu, na yeye amesimama hapa mbele ya sanduku la bati la fomu za wapanda mlima, penseli mkononi, penseli yenyewe imefungwa uzi mfupi ili mtu asiondoke nayo, jina ameshaandika, umri ameshaandika, sitini na saba, hajapunguza hata mmoja, njia ameandika ya mgongo wa mashariki, ile ya minyororo ya kushikilia, ile inayokutoa roho magotini, kwenda na kurudi leo leo, sasa imebaki sehemu ile, idadi ya watu, na huyu mzee Onodera anaukata kwa msumeno mti ulioangushwa na theluji, hata uso hainui, "Mama, nauliza, mwaka huu mko wangapi? Au niwapigie wenzangu wa uokoaji simu kabisa waanze kuvaa?" na anacheka, haya cheka mzee, una haki, wewe ndiye uliyetumbukia kijitoni mpaka kiunoni Aprili iliyopita ukimtafuta mtu asiyekuwepo, cheka mpaka meno yakudondoke.

Angekuwepo Takanori hapa sasa hivi, angepasuka. Mtoto mmoja tu aliyemzaa na huyo mmoja amejigeuza baba wa mama yake, "Mama, ukipanda tena peke yako nakuja kukuchukua, nyumba tunaifunga, utakaa na sisi mjini," tena kwa upole, hapo ndipo ubaya ulipo, angefoka wangefokeana yakaisha, lakini alisema kwa upole kama mtu anayembembeleza paka ashuke darini, na mwaka mpya alipokuja kula keki za mchele akaondoka na buti za mama yake nyuma ya gari, eti soli zimeisha, anazipeleka kwa fundi, mpaka leo huyo fundi anashona tu, fundi gani huyo, basi Tsuruyo amenunua nyingine, nyekundu, nyekundu kama za msichana, muuzaji akamuuliza ni zawadi ya mjukuu, akamwambia ndiyo, mjukuu ana miguu mikubwa. Ghorofa ya tisa. Chumba kidogo cha upande wa kaskazini, dirisha linatazamana na ukuta wa watu, na mke wa Takanori, msichana mwema, mwema kupita kiasi, atamletea chungwa lililokwisha menywa... akae pale akisubiri kumenyewa machungwa mpaka siku ya kufa? Ng'o. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na yeye hata hakuvunjika, aliteguka kifundo tu, wiki tatu akatembea, mbona Takanori aliteguka kwenye ngazi za kituo cha treni na hakuna aliyemkataza treni.

Upepo unashuka kutoka bondeni, una ubaridi wa theluji iliyooza, theluji ya Aprili, juu ngumu chini maji yanatembea, unakanyaga ukidhani ni ardhi kumbe ni dari, ndiyo iliyomwangusha, na kando ya sanduku machipukizi machungu yametoboa ardhi, yale mumewe Seikichi alikuwa akiyachuma kwa kofia yake, wakirudi anayakaanga mwenyewe, mafuta yanaruka jiko zima, "usiguse, mpishi yuko kazini," mpishi gani... Miaka thelathini na minane walijaza fomu hii wakiwa wawili, yeye Seikichi ameishika ramani ambayo hakuihitaji, mkewe anaandika, Seikichi, Tsuruyo, watu wawili, na kengele mbili za kufukuzia dubu zikilia kwenye mikoba, moja nyembamba moja nzito, sasa inalia moja. Ndiyo maana, mwaka jana alipoandika tena wawili, ilikuwa rahisi watu kuamini. Mkono umezoea, ndivyo alivyowaambia, akamwambia polisi, akamwambia Takanori, akazunguka kijiji hiki mlango kwa mlango na maboksi kumi na manne ya keki za maharage, boksi kwa kila mwanamume aliyepanda kumtafuta marehemu, akainama mpaka kiuno kikalia, samahani sana kwa usumbufu, mume wangu amekufa miaka miwili sasa, mkono uliandika wenyewe, na wote wakamsamehe, nani hana mkono wenye mazoea, mke wa mmoja akalia naye pale pale mlangoni, na Onodera, pua nyekundu kwa mafua ya kile kijito, akalipima boksi kwa mkono, "Keki nzito hizi mama, ukipotea tena usisahau." Mkono uliandika wenyewe. Alilisema mara nyingi hata...

"Kitamuraaa!" Onodera ameacha msumeno, ameweka viganja mdomoni, anamwita mwenzake aliye huko juu kwenye minyororo, "Kitamura weee! Njoo ushike huku!" na mlima unairudisha, ...muraaa, ...muraaa, na Tsuruyo ni kama amekanyaga dari ile tena, kwa sababu ni sauti hii, ni hii hii, Seikichiii, ilikuwa ikiita, Seikichi-saaan, itikaaa, kutoka kwenye kile kilima, halafu nyingine kutoka bondeni, halafu nyingine juu kabisa, wanaume kumi na wanne wametawanyika mlima mzima wanaliita jina la mumewe, na yeye ameketi hapa chini ndani ya gari la wagonjwa, mlango wazi, mguu umefungwa, blanketi mabegani, wanamwambia twende hospitali mama, anasema siendi, nasubiri, wakaangaliana, maskini, anamsubiri mumewe... na alikuwa akimsubiri. Aliwaambia, ndiyo, aliwaambia niko peke yangu, mara moja, kwa sauti ndogo, huku amewashika mkono waliomkuta, na mmoja akasema amegonga kichwa huyu, hajui asemalo, fomu inasema wawili, na yeye hakurudia. Angeweza kurudia. Alikuwa na akili zake zote. Kutoka saa sita mchana mpaka saa kumi na moja alinyamaza, simu ya dharura aliyoiandika ilikuwa ya nyumbani, ikalia na kulia katika nyumba isiyo na mtu, mpaka jirani akawapa ya Takanori na Takanori akasema baba yupi, baba tulimzika.

Si mkono. Haukuwa mkono hata kidogo, aliitazama ile mbili akiiandika, aliiandika polepole. Miaka miwili hakuna aliyemwita Seikichi kwa sauti, nyumbani ni marehemu, kwenye ubani ni baba, na jina lake la kaburini alilopewa na kasisi baada ya kufa ni refu, la kitajiri, hata mwenyewe asingeitika... halafu siku moja kijiji kizima cha watu wasiomjua kikaliita jina lake lile la kila siku kama mtu anayeweza kujibu itikaaa nakuja, na Tsuruyo alikuwa na furaha, ndilo hilo, aibu iliyoje, mzee Onodera wa miaka sabini na moja yuko kwenye maji ya theluji mpaka kiunoni na mjane mmoja kwenye blanketi ana furaha, kwa muda wa saa tano nzima, angewaacha waite mpaka usiku. Akawalipa kwa keki. Keki pamoja na uongo.

Na asingeteleza? Angefika kileleni, angerudi, ile mbili ingelala ndani ya sanduku na hakuna ambaye angejua, na leo angeiandika tena, na mwakani. Wa kumkamata alikuwa mlima tu. Takanori amekosea, amekosea kabisa, anadhani shida ya mama yake ni kupanda peke yake, kumbe mama yake hajawahi kupanda peke yake hata siku moja, alikuwa akimburuta mtu, miaka miwili anamburuta marehemu wa watu kwenye minyororo, wacha apumzike, hata pumzi alikuwa hana, Seikichi wa watu, kila mwinuko "tupige picha hapa" kumbe kachoka.

Vidole vimeganda kwenye penseli. Moja ni mstari mmoja tu, mtoto wa chekechea anauchora. Anauchora. Unaonekana mwembamba katika ile sehemu pana, haya, uonekane hivyo hivyo, na kwenye simu ya dharura hataandika ya nyumbani, anaandika ya Takanori, tarakimu zote, kwa mwandiko mkubwa, ajue mama yake yuko wapi, aje kama anakuja, aje na gari na maboksi ya kufungia vyombo, atamkuta jikoni mafuta yanaruka na machipukizi sahanini, na atamwambia lile la ile mbili, atamwambia yote, halafu atamwambia siondoki, buti zangu zirudishwe.

Msumeno uliokuwa umeanza tena umenyamaza. Onodera amejinyoosha, mkono kiunoni, sasa anamtazama kweli, hacheki, "Mama. Wangapi?"

"Mmoja," anasema Tsuruyo, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "na ukisikia naita jina la mtu huko juu, mzee wangu, usije. Namwita mimi mwenyewe."