Kifo cha Kyaw Zan

Mimi na Ko Kan Nyunt tuliandika riwaya moja, na mpaka leo wapo watu Mandalay wanaobishana nani aliandika nini. Sura za witiri ni zangu, za shufwa ni zake. Basi.

Jarida lilichapa sura moja kila mwezi. Tulikubaliana kwamba hakuna kuonyeshana sura kabla haijachapwa, wala hakuna kufuta alichokiandika mwenzako. Mwenzako akimvunja mtu mguu, wewe unaanza na mguu uliovunjika. Ko Kan Nyunt alikuwa karani wa idara ya maji na alikuwa amesoma chuo. Mimi mchana nilitia rangi nyuzi za hariri, na elimu yangu niliipata shule ya usiku, nikiwa tayari na mke na watoto. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Wengi waliosoma mchana walisinzia zaidi yangu.

Sura ya kwanza nilimleta msichana mzuri nikamwita Thuza, jina la Ijumaa. Kwetu mtoto hupewa jina kwa siku aliyozaliwa, kwa hiyo ukilisikia jina umekwisha kuijua siku. Sura ya pili ikatoka, nikakuta Ko Kan Nyunt amemletea mchumba anayeitwa Kyaw Zan. Jina la Jumatatu. Hata mtoto anayenyonya anajua kwamba Jumatatu na Ijumaa hawaoani. Wakioana, mmoja huzikwa mapema.

Nikamfuata kwenye duka la chai.

"Ko Kan Nyunt, umemposea Ijumaa mtu wa Jumatatu. Ulikuwa na homa?"

"Nilikuwa mzima, kaka. Nimefanya makusudi."

"Basi huyo kijana atakufa."

"Kwa nini afe? Mimi mwenyewe ni Jumatatu."

"Najua. Na watu wamekuvumilia."

"Ma Than Myaing ni Ijumaa," akasema, akiangalia kikombe chake.

Hapo nikaelewa. Ma Than Myaing alikuwa binti wa Daw Pwa Yin, mwenye duka la kuazimisha vitabu. Ko Kan Nyunt alikwisha kumtaka, binti akakubali, mama akakataa kwa sababu ya siku zao, na binti hakuwa mtu wa kutoroka nyumbani kwao. Daw Pwa Yin macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kila jarida lilipotoka, binti alimsomea kwa sauti pale dukani, na wanawake wa mtaa mzima wakija kusikiliza na vibanda vyao vya mboga wakiviacha wazi.

"Mama yake atawasikia Thuza na Kyaw Zan mwezi hadi mwezi," akasema Ko Kan Nyunt. "Atawazoea. Mwishoni wakioana na wasife, atalegea. Kaka, sina njia nyingine."

"Unataka kuposa kwa fasihi?"

"Watu wameposa kwa vitu vya aibu kuliko hivyo."

Nikamwambia ukweli, kwa sababu mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Sura ya mwisho ilikuwa yangu, na tangu mwanzo nilikuwa nimekusudia mchumba afe ndani yake. Riwaya yenye uzito lazima iache maiti. Ningefanya kazi yangu yote hiyo, halafu niimalize kwa harusi kama maigizo ya sikukuu kwenye uwanja wa pagoda, hekalu letu?

"Utaniua mimi, kaka," akasema.

"Nitamuua Kyaw Zan. Wewe utaendelea na mabomba yako."

Alijibu katika sura yake ya mwisho. Nilipoisoma nilikuta Kyaw Zan ameacha kukwea mivumo, ile mitende mirefu, kugema tembo, amekwenda kwa fundi akachanjwa chale za kuzuia sumu ya nyoka, amefundishwa kuogelea na mjomba wake, na amemtoroka jambazi wa pekee tuliyekuwa naye, ambaye naye aliungama akavaa joho la utawa. Kurasa nzima hazina habari nyingine. Hata mbwa wa jirani alifungwa mnyororo.

Nikaisoma mara mbili. Alikuwa amesahau malaria.

Nikaanza kuandika. Kyaw Zan aliingia msituni kukata mti wa msaji wa kujengea nyumba ya ndoa, akatetemeka mara ya kwanza chini ya mvua, na ilikuwa mvua nzuri, nasema mwenyewe. Nilikuwa nimefika kwenye mtetemeko wa pili aliposimama mlangoni Daw Pwa Yin, ameshika sahani ya majani ya chai yaliyochachushwa, yenye ufuta na vitunguu saumu vya kukaanga. Kwetu sahani hiyo haiji bila shauri.

"Mwalimu," akasema, maana kwetu mwandishi huitwa hivyo, akipapasa mkeka kabla ya kuketi, "nimesikia utamuua yule kijana."

"Nani kasema?"

"Kan Nyunt amekonda. Hata mimi mwenye macho mabovu nimeona. Nimekuja kukushukuru."

"Kunishukuru?"

"Akifa, binti yangu ataacha kulia chini chini. Nitamwambia, umesoma kwa mdomo wako mwenyewe. Jumatatu na Ijumaa. Hata walioandikwa kwenye karatasi hawaponi."

"Mama, Kyaw Zan hafi kwa sababu ya Jumatatu. Anakufa kwa sababu sanaa inadai hivyo."

"Sawa, mwanangu. Inadai siku gani?"

"Haina siku!"

"Kila kitu kina siku. Kula, usiache ufuta."

Nikala. Yalikuwa matamu. Naye akaendelea kunieleza kwamba afe kabla ya mfungo wa dini wa majira ya mvua kwisha, maana mfungo ukiisha harusi zinaanza, na asife kwa maumivu mengi, maana kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Akaniaga kwa heshima zote, akaondoka akigusa ukuta.

Nikabaki na karatasi zangu. Mvua ilikuwa nzuri bado, mtetemeko mzuri, lakini sasa nilimwona kila msomaji wa Mandalay akifunga jarida na kusema: si nilisema, Jumatatu na Ijumaa. Kazi yangu yote ingekuwa maelezo ya chini ya kalenda. Mimi sikuhangaika na shule ya usiku ili kalenda ije kuniandikia mwisho.

Nikamponya Kyaw Zan. Ilinichukua kwinini nyingi. Nikawaoza, na kwa kuwa harusi peke yake ni upuuzi, nikawaendeleza: nikawazeesha, nikawang'oa meno, wakigombana kila siku juu ya mchuzi wa samaki, Kyaw Zan akidai chumvi, Thuza akidai chumvi imo. Hakuna aliyekufa. Kuandika kifo ni rahisi zaidi, anayebisha ajaribu.

Siku jarida lilipotoka nilikwenda dukani kusikiliza. Ko Kan Nyunt hakuwa na ujasiri wa kuingia. Alisimama mlangoni akijifanya anakagua bomba, ingawa mlango ule haukuwa na bomba. Ma Than Myaing alisoma. Alipofika kwenye homa akachungulia kwanza ukurasa unaofuata, ndipo akaendelea. Alipofika kwenye mchuzi akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na machozi yakamshuka palepale.

Wanawake wakamgeukia mama.

"Ni uongo," akasema Daw Pwa Yin. "Wanagombania mchuzi mpaka uzeeni?"

"Ndivyo walivyoandika, Mama."

"Mimi na marehemu baba yako siku zetu zilipatana. Mnajimu alizisifu. Na tuligombania mchuzi huohuo mpaka tukamzika." Mwanamke mmoja muuza mayungiyungi akakohoa. "Huo uongo wao si mkubwa sana."

Kisha akainua uso kuelekea mlangoni.

"Wewe Jumatatu! Ondoka hapo, unanizibia hata huu mwanga kidogo nilio nao. Kamlete mjomba wako aje kuzungumza kwa adabu. Hapa haposi mtu kwa jarida."

Ko Kan Nyunt hakuwa na mjomba. Yule aliyefundisha kuogelea alikuwa wa kubuni. Nikaenda mimi badala ya mjomba, na mchana ule wote nilimsifu kwa maneno ambayo katika riwaya yangu nisingeyaruhusu.