Mjomba Aliyeoa Transfoma

Siku ya Akha Teej, huku kwetu India, mji mzima wa Bikaner huoa. Ni siku njema isiyohitaji kumwuliza mnajimu, basi kila mwenye binti hutundika taa, hukodi viyoyozi, na mzigo wote huo huishia kwenye transfoma moja iliyochakaa, katika kituo cha umeme nyuma ya soko la papadi, vile vikaki vyembamba vya dengu. Mwaka huu zamu ya kuilinda ilimwangukia Hukma.

Na Hukma alikuwa mjomba wa mmoja wa mabibi harusi wa siku hiyo. Kwetu mjomba ndiye anayemletea dada yake zawadi na kumfunika mtandio mwekundu kabla bwana harusi hajafika. Asipotokea, dada huyo husimangwa na wakweze mpaka azeeke. Zawadi zilikuwa tayari chini ya meza, lakini aliyepaswa kumpokea zamu alikwama nje ya mji, na mshale wa joto la transfoma ulikuwa unakaribia wekundu.

"Kata umeme wa mtaa mmoja, mzigo upungue, uende zako," alisema Sattar, msaidizi wake, ambaye hakuruhusiwa kugusa swichi. Alikuwa akiielekezea transfoma feni kubwa za maji ili ipoe.

"Mtaa upi?"

"Wowote. Ruka wa dada yako tu."

"Leo kila mtaa una dada wa mtu, Sattar."

Simu ikalia. Alikuwa Dhapu, dada yake.

"Kaka, uko wapi? Bwana harusi ameshapanda farasi."

"Niko na hiki kibibi cha chuma. Kina homa, siwezi kukiacha."

"Kwa hiyo umekichagua hicho, si mimi?"

"Nikikiacha, mwanao ataolewa gizani."

Dhapu akakata simu. Hukma akarudi kuutazama mshale. Hakuwa na dada mwingine.

Haukupita muda akasikia ngoma. Dhapu huyo, na hariri zake, kibao ambacho dada husimama juu yake akifunikwa mtandio kikiwa kwapani, wanawake wa ukoo nyuma yake wakiimba kejeli za harusi: mjomba kaoa transfoma, mahari yake mafuta, kitanda chake kokoto. Nyuma yao mitaa mizima ilikuwa imetoka kuja kushangaa. Hata wapishi wa harusi za jirani walifika, miiko mkononi.

Kwa kuwa mgeni haruhusiwi kuingia ndani ya ua wa kituo, Dhapu alipanda kibao chake nje ya lango, akapitisha mkono kwenye nondo na kumpaka kaka yake alama nyekundu kwenye paji la uso. Hukma akapenyeza zawadi, kisha mtandio, akamfunika. Wote wawili walilia bila kuona haya.

"Kaka Hukma," Sattar aliita, "njoo uone. Mshale unashuka."

Hukma aliutazama, kisha akautazama umati, akaanza kucheka. Mtu wa Bikaner hatoki nyumbani akaacha kiyoyozi kikinguruma bure; huzima kila kitu, hata kama anakwenda kuchungulia tu.

"Homa imepungua?" Dhapu aliuliza.

"Imepungua. Usiwaache warudi ndani."

Dhapu akawageukia wanawake. "Jamani, tuanze upya, tangu mwanzo. Na mumtukane vizuri safari hii."

Wakamtukana vizuri. Bwana harusi, alipokuta mtaa mtupu, aligeuza farasi kufuata ngoma, na mjomba akampokea pale pale langoni, mkono mmoja nje ya nondo.