Bwana Harusi Ndani ya Gari la Theluji

Gervas wa Kitangari alirithi gari kutoka kwa mtu aliyezikwa katika nchi ya baridi kali, ambako wakati mwingine ardhi huwashiwa moto kwanza ndipo kaburi lichimbike. Marehemu aliitwa Eino, Mfini aliyewahi kuja huku kwetu kuchimba visima, na Gervas alikuwa dereva wake kwa miaka sita enzi za ujana. Kabla ya kufa, Eino aliagiza kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote apewe dereva wake wa zamani. Mwanawe akakipakia melini mpaka Mtwara.

Kilifika Kitangari juu ya lori, chekundu, chenye madirisha ya mviringo na kisicho na gurudumu hata moja nje. Kilitembelea minyororo mipana kama katapila. Barua iliyokuja nacho ilieleza kwamba huko kwao theluji ikifunika barabara kwa miezi mitano, gari hili ndilo lililompeleka mkunga kwa wazazi, watoto shuleni, na safari moja jeneza pamoja na wafiwa tisa. Theluji iwe laini namna gani, halizami.

"Sasa sisi theluji tunaitoa wapi, Baba Oliva?" mkewe Agatha aliuliza.

"Upo mchanga," alisema Gervas. "Mchanga ni theluji iliyokosa baridi tu."

Watu walimcheka wiki tatu. Akavumilia, akawa anapaka grisi.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, jua likiwa limekaza, Kosta iliyotoka Lupaso na bwana harusi ilizama mchangani, kilomita saba kabla ya kufika kwa bibi harusi. Wakampigia Gervas. Akavaa shati lake la kanisani, akaenda.

Bwana harusi alikuwa Mujibu, mwalimu kijana, amevaa kanzu, kilemba na joho zito la nakshi, na wanja ambao shangazi zake walimpaka kwa nguvu. Alikuwa na baba yake mdogo, mzee Bwanali.

"Shikamoo, mzee," alisema Mujibu.

"Marahaba, mwanangu. Pandeni."

Gari likapita ubavuni mwa Kosta bila hata kuyumba. Gervas akajisikia kama aliyepewa kijiji kizima akitawale. Hawakuwa wamefika mbali Bwanali alipoinua miguu yake.

"Ndugu yangu, huu moto unaotoka chini ni wa nini?"

"Hita."

"Izime."

"Nikiizima, injini itachemka na tutalala hapa. Gari hili limezoea baridi. Joto lake halina pa kwenda ila humu tulimo."

Bwanali alifikiri. "Kwa hiyo ama ichemke injini, ama tuchemke sisi."

"Injini ina miaka hamsini na tano, mzee. Nyinyi bado mna nguvu."

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mpira tangu kiwandani, baridi isipenye. Wakajaribu kufungua mlango, mchanga ukaingia kwa pakacha. Wakaufunga. Mwendo nao ulikuwa wa heshima mno. Mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani aliwapita, akawasalimia kupitia dirishani, akaendelea na safari yake.

"Baba mdogo, tushuke tutembee," alisema Mujibu kwa sauti ya mgonjwa.

"Kwa wakwe hatufiki kwa miguu kama wauza vitumbua. Kaa."

Akakaa, akaiva.

Walipofika, mlango ulifunguliwa na mvuke ukatangulia kutoka. Kisha akatoka Mujibu, macho mekundu, uso umelowa chapachapa, wanja umechuruzika mpaka kidevuni. Vigelegele vikakatika. Bi Hamida, mama yake bibi harusi Kibibi, hakuwa amempenda kijana huyu tangu posa. Alikuwa akisema ana uso mkavu, huwezi kujua kama ana moyo. Sasa alimvuta Gervas pembeni.

"Baba, huyu kijana analia?"

Gervas alikuwa mzee wa kanisa, na uongo hakuuweza. Alimtazama Mujibu, akamhurumia, akatafuta maneno.

"Mama, tangu nimpakie, maji hayajakatika usoni kwake."

"Njia nzima?"

"Saa moja na dakika ishirini."

Bi Hamida akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Baba yake Kibibi, siku ya harusi yetu, alikuja anatafuna muwa," alisema, kisha akaenda mwenyewe kumletea mkwewe maji ya kunywa. Ndoa ikafungwa kabla ya adhuhuri.

Dhamiri ilimsuta Gervas siku nne. Ya tano Mujibu alimletea jogoo, akamwambia kwamba Kibibi amekwisha kuambiwa ukweli, amecheka mpaka akakaa chini, na ameomba mama yake asijulishwe kamwe. Lakini Bi Hamida alikuwa amekwisha kuitangaza habari ya yale machozi visimani na sokoni. Kabla mwezi haujaisha, mama wawili wenye mabinti walituma ujumbe kwa wakwe zao watarajiwa: bwana harusi aletwe na gari jekundu, la sivyo asije.

Siku za kazi Gervas huwapandishia akina mama madumu ya maji kutoka bondeni. Jumamosi hubeba mabwana harusi. Wa mwisho alikuwa mnunuzi wa korosho wa Newala, mtu mnene, ambaye kilomita ya tatu aliomba kujua kama hakuna njia ya mkato. Gervas alimwambia haipo, akampa taulo.