Siku Cherehani Ilipolala

Kiongozi wa kwaya aliinua mikono yote miwili, lakini viganja havikutokea. Kanisa zima lilingoja. Waimbaji walizoea kuanza kwa ishara ya kidole chake, na kidole chenyewe kilikuwa kimefungiwa ndani ya joho la zambarau nililolishona mimi. Akatikisa mkono wa kulia, akatikisa wa kushoto, akapapatika kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Nyuma yake wanaume watatu wa sauti nzito nao walikuwa wakitafuta njia ya kutolea mikono yao. Mimi, benchi la tatu, niliinama kana kwamba nimedondosha kitu.

Miaka hiyo mume wangu alifanya kazi machimbo ya mawe, mbali. Alirudi Jumamosi jioni, akaondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Nami Jumapili nilikuwa nashona. Siku sita nilishona nguo za wateja, ya saba nikashona za kanisa, maana nilijiambia kwamba kazi ya Mungu haihesabiwi kuwa kazi. Marehemu mama alikuwa akinionya kuwa mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika matano na nikajiona hodari. Cherehani ilikaa juu ya meza ya chakula, vitambaa vimetandazwa pande zote, na kwa miezi minne tulikula sahani zikiwa magotini. Mume wangu aliombea chakula jicho moja wazi, asije akamwaga mchuzi kwenye majoho.

Jumapili ile, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nimebakiza majoho manne. Aliniletea chai, akabaki amesimama.

"Mke wangu, wanatafuta watu wa zamu ya Jumapili," alisema. "Natakiwa kuwajibu kesho."

"Utawajibu nini?" Sikuinua macho.

"Sijui. Nikija huku nakukuta uko kazini. Basi bora na mimi niwe kazini."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliogopa kweli. Lakini mkono wangu haukuacha kuzungusha gurudumu, na hapo ndipo nilipoharibu. Pindo la mkono wa joho hushonwa kwa kuuzungusha taratibu, tundu libaki wazi. Mimi, machozi machoni na saa inakimbia, nilipitisha sindano moja kwa moja, ukingo hadi ukingo. Mikono minane nikaiziba kama mtu anayefunga magunia. Tulifika kanisani waumini wameshaanza wenyewe wimbo wa kuingilia, wanaume wale wanne wakavalia mlangoni huku wakitembea, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza.

Mchungaji alimtazama kiongozi wa kwaya akiendelea kupapatika, kisha akatutazama sisi.

"Mungu alipumzika siku ya saba," alisema, "na wala hakuwa amechoka. Sijui fundi wetu yeye anamzidi kwa lipi."

Kanisa likaangua kicheko. Kwaya ikaimba ikiongozwa kwa kichwa, kiongozi akikitikisa juu chini kama mjusi ukutani, na wanaosema haijawahi kuimba vizuri vile hawakosei. Nilicheka pamoja nao, halafu nikajikuta nalia. Mume wangu akanipa leso yake bila kunigeukia.

Baada ya ibada niliwaomba radhi waimbaji mmoja mmoja, nikakusanya yale majoho manne na kumwambia mume wangu atangulie; nikifika nitayafumua mara moja, nusu saa tu. Aliitikia, akaenda zake.

Nilipoingia nyumbani, meza ilikuwa imeondolewa vitambaa vyote. Nilikuwa nimesahau kwamba ina alama ya pasi pembeni. Sahani mbili, bilauri mbili, cherehani haipo. Nikakimbilia chumbani. Ilikuwa kitandani, upande wangu, imefunikwa blanketi hadi kwenye gurudumu.

"Mwenzio amelala," alisema mume wangu nyuma yangu. "Miezi minne hajapata hata siku moja. Tusimwamshe."

Nikaweka majoho chini. Tulikula mezani, uso kwa uso, kwa aibu kidogo kama wachumba. Mwishowe nikamuuliza kesho atawajibu nini.

"Nitawaambia Jumapili nina zamu nyumbani," alisema, akaomba aongezewe mchuzi.

Majoho matatu niliyafumua Jumatatu. Kiongozi nilimshonea jingine, na lile lake sijalifumua mpaka leo. Mume wangu ameshastaafu, yuko nyumbani siku zote saba, na zipo siku natamani machimbo yamwite tena. Lakini kila Jumamosi jioni naifunika cherehani kwa joho lile, mikono yake imezibwa vilevile, naye huuliza kutoka mezani kama mwenzangu amelala. Namjibu kwamba amelala, kisha nakwenda kukaa naye.