Saa Tatu ya Dada

Oveni ilikuwa imeshavuka kizingiti cha jikoni nilipofika kwa dada na begi langu la zana begani. Upande mmoja ameishika Mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata msibani huenda na mizani yake. Upande wa pili yuko mpwa wangu, binti wa dada, anahema. Mkokoteni unasubiri nje. Dada mwenyewe amekaa juu ya mfuko wa unga.

Mpwa akanieleza huku ameinama. Oveni ina wiki ya tatu haipati moto. Mafundi wawili wameifungua, wote wamesema imekufa themostati, kile kidude kinachokata umeme joto likitosha. Kiwanda kilifungwa zamani, spea haipatikani hata kwa dawa. Na mama bila kuoka mikate yake anakaa peke yake kufanya nini? Kesho mchana gari linakuja, anahamia kwa bintiye, ghorofa ya nne, chumba kimoja na watoto.

Nikamuuliza dada kama anataka.

"Kiguu na njia, wewe ndiye wa kuniuliza habari za kuhama?"

Nikajua hataki. Dada yangu hajawahi kukataa jambo kwa kusema hapana.

Nikawaambia waitue. Mpwa akanuna, akasema sawa, mjomba, lakini gari likifika ndio basi.

Kwenye mkokoteni wa Mizani, chini ya mabati na fremu ya kitanda, nilikuta oveni nyingine ya kampuni tofauti, imeliwa na kutu mpaka unaona upande wa pili. Themostati yake ilikuwa nzima, na mrija wake mwembamba wa shaba haukuvunjika. Mizani akataka kuipima. Nikamwambia akapime kiherehere chake. Akacheka, akaniachia.

Haikukaa kirahisi. Matundu ya skrubu hayakulingana, nikatoboa mengine. Kijiti chake kilikuwa kinene kuliko tundu la nobu ya zamani, kile kishikio cha kuzungusha, nikalipanua kwa tupa ya kucha ya mpwa, ambaye hadi leo anaitafuta. Mrija niliukunja polepole kama namvisha mtoto mchanga shati. Giza likaingia, nikalala pale pale sakafuni.

Asubuhi dada alikanda unga. Nobu haikuwa na namba hata moja, vidole vyake vilishazifuta zote, ila nilijua kuzima ni kuielekeza juu. Nikamuuliza nobu anaielekeza wapi akioka mkate.

"Saa tatu," akasema, akatoka kwenda kuaga majirani.

Nikaizungusha nobu robo ya duara, ikatazama kulia. Nikatia trei.

Baada ya saa nzima mkate ulitoka mweupe, umelala, unanata kama gundi. Mpwa aliyekuwa akifunga vyombo kwenye maboksi aliutazama, akaendelea kukaza kamba. Afadhali angenitukana.

Dada aliporudi nilimwambia ukweli, kwamba nimeshindwa, kifaa cha oveni nyingine kimekataa. Akaubonyeza mkate kwa kidole, akauliza nobu niliiweka wapi. Nikamwonyesha.

"Kaka, hiyo ni saa tisa."

Sikumwelewa. Akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye saa ya ukutani.

"Mshale mfupi ukiwa pale kwenye tisa, unasema saa ngapi?"

"Saa tatu," nikasema, nikaona aibu. Miaka ishirini nimefanya kazi ugenini, na watu wanaosoma saa kama ilivyoandikwa. Kwao saa tatu ni penye namba tatu, na mkono wangu ulikuwa umeshawazoea.

"Umetembea mpaka umepoteza saa," dada akasema. Akaizungusha mwenyewe, robo tatu ya duara, ikatazama kushoto.

Safari hii unga uliobaki uliinuka. Themostati ikalia tak, ikakata, ikarudi tena. Mpwa alisimama na kamba mkononi mpaka trei ikatoka, akamega pembe ya mkate ungali moto, akaunguza ulimi, akamega tena. Gari lilipofika, alitoka mwenyewe kwenda kulirudisha.

Dada bado anaoka, isipokuwa Jumapili. Mpwa alipata mtoto wa tatu, wakahamia nyumba ya chini. Mizani aliacha vyuma, siku hizi anauza maji. Mimi nilikaa miezi saba, kisha nikapata kazi kwenye karakana ya majokofu, mji mwingine, na goti la kushoto linanisumbua.